Kuku 24 wamegoma kutaga tangu turudi kutoka Moshi, baba watoto anataka kuwauza. Nini kimetokea?

#1 Mama Trei
Heri ya mwaka mpya wapendwa. Niende moja kwa moja maana kichwa kinaniuma.

Nafuga kuku chotara 24, mitetea mitupu hakuna jogoo, nyuma ya nyumba hapa Goba, Dar. Niliwachukua vifaranga wa wiki nne Januari mwaka jana, wakaanza kutaga Juni, toka Julai naokota mayai 15 mpaka 17 kwa siku, siku mbaya kabisa 13. Tarehe 18 Desemba tukaenda Kibosho kwa wakwe kama kila mwaka, tumerudi tarehe 5. Nyumbani alibaki shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, kamaliza form four anasubiri matokeo. Nimefika tu hata begi sijashusha nikaenda bandani, mayai MATATU. Kesho yake manne. Juzi matatu. Leo mawili na moja halina ganda, laini kama limefungwa kwenye nailoni.

Hawaumwi, wanatembea, wanakula, hakuna aliyekufa. Lakini hayo mayai ndo nauli ya watoto wangu wawili na maziwa ya huyu mdogo, na shule zinafungua wiki ijayo. Baba watoto anasema wamezeeka tuwauze wote tupate hela ya madaftari. Mimi nimewalea toka wadogo, naona kuna kitu kilitokea tukiwa safarini ila sijui ni kipi. Wenye uzoefu naombeni msaada.

#2 Kijana wa Ugweno
Mama Trei pole lakini jibu umeliandika mwenyewe. Form four, yupo peke yake wiki mbili na nusu, sikukuu, hana hela. Mayai yamegeuka bando na chipsi hayo 😂

#3 Bi Mkubwa Tanga
#2 acha kumchafua mtoto wa watu. Tumia akili kidogo, mayai ya tarehe 5 mpaka leo nani anaokota? Si mama mwenyewe! Kama kijana alikuwa anauza, baada ya mwenye nyumba kurudi yangerudi 16. Hayajarudi. Kwahiyo kuku ndo hawatagi, wizi utoe.

#4 Kijana wa Ugweno
Hapo umenikamata bibi. Ila nabaki na wasiwasi wangu 😅

#5 Banda la Kati
Nimefuga miaka tisa, sasa hivi ninao 300 Kibaha. Mama Trei kabla hatujaanza kutupiana majibu tueleze haya: uliacha chakula kiasi gani na umerudi umekuta kiasi gani, maji wanakunywea wapi na hicho chombo kinapigwa jua au kipo kivulini, chanjo ya ugonjwa wa mdondo (kideri) mara ya mwisho lini, na je sakafuni kuna manyoya mengi kuliko kawaida. Halafu swali ambalo watu hulisahau, bandani kuna taa?

Kuku ni kama saa ya ukutani, ukigusa kitu kimoja kila kitu kinasogea. Yai moja linachukua saa 24 mpaka 26 kutengenezwa na ganda peke yake linakula karibu saa 20 humo, sehemu kubwa ni usiku. Kwahiyo kinachowapata jioni unakiona asubuhi.

#6 Mtoto wa Kigogo
Wakuu mnazunguka mbali. Kuku hana jogoo atatagaje? Tatizo ni hilo hapo.

#7 Banda la Kati
#6 hapana. Mtetea anataga hata kama hajawahi kuona jogoo maisha yake yote, jogoo anahitajika ukitaka vifaranga tu. Kasema mwenyewe walikuwa wanataga 16 bila jogoo tangu Julai.

#8 Mtoto wa Kigogo
Asante mkuu, leo nimejifunza. Nilikuwa najua hivyo tangu utoto jamani.

#9 Salasala Kwa Juu
Fataki hizo. Mimi nipo jirani tu hapo, usiku wa kuamkia mwaka mpya kulipigwa mafataki kama vita, mbwa wangu alijibanza chini ya gari mpaka asubuhi. Kuku ana roho ndogo, akishtuka yai linaishia tumboni. Na lile ganda laini ni dalili ya mshtuko, yai linatoka kabla halijaiva.

#10 Mpemba wa Darajani
Assalam aleikum. Dada yangu, huku Unguja sisi adui yetu ni kunguru. Wale weusi wenye shingo ya kijivu, waliletwa na wakoloni miaka ya 1890 eti wasafishe taka za mji, wakageuka wao ndio taka. Anakaa juu ya mwembe anamsikiliza tetea akilia baada ya kutaga, ikifika dakika mbili keshaingia na yai katoka nalo. Na huko Dar wamejaa vilevile. Umetazama kama kuna maganda maganda nje ya banda?

#11 Mama Trei
Jamani asanteni, mmekuwa wengi nijibu kwa pamoja.

Chakula niliacha gunia zima la layers kilo 50 nililifungua siku ileile ya safari, nimekuta imebaki kama kilo 20 hivi nimepima kwa mizani ya jiko. Maji wanakunywea kwenye ndoo mbili zile za kugeuza, zipo nje upande wa mashariki, asubuhi kivuli hakuna. Chanjo mara ya mwisho Septemba. Kunguru wapo ila banda lina wavu juu, hawaingii. Manyoya kweli yapo mengi, nilidhani ni vumbi la kutofagia.

Taa ipo, balbu moja, huwa inazima saa nne usiku.

Na nimesahau kusema, tulivyorudi mama mkwe alitupa zawadi jogoo mmoja na matetea wawili wa kienyeji, tumewaweka humohumo bandani.

#12 Bi Mkubwa Tanga
Uuuwi! Na hilo ndo unalisema mwisho?

#13 Ng'ombe Mmoja
Kesi imefungwa. Wageni wameleta ugonjwa. Kuku wa kijijini hana chanjo, anakuja na mdondo, na utitiri, na minyoo, unamtupia kati ya wenzake. Kuku mgeni anakaa peke yake wiki mbili mpaka nne ndo anachanganywa. Halafu kisheria kusafirisha kuku toka wilaya moja kwenda nyingine unatakiwa uwe na kibali cha mtu wa mifugo, sio kumfunga miguu na kumsukumia kwenye buti.

#14 Banda la Kati
#13 kuwatenga uko sahihi kabisa na Mama Trei fanya hivyo LEO usisubiri kesho. Lakini angalia tarehe. Alifika tarehe 5 akakuta matatu, wageni wameingia siku hiyohiyo. Jogoo hawezi kupunguza mayai ya jana yake. Anaweza kuwa ndo sababu ya kutoka manne kwenda mawili, wakigombana nani mkubwa wengine wanazuiwa kufika kwenye chakula. Ila kutoka 16 kwenda matatu sio yeye.

Sasa tuhesabu chakula. Gunia 50, zimebaki 20, zimetumika 30 kwa siku 18. Kila siku kilo 1.7 hivi kwa kuku 24, ni kama gramu 70 kila mmoja. Kuku wa kutaga anahitaji gramu 110 mpaka 120. Hapo wamekula kidogo zaidi ya nusu. Mwili ukikosa unafunga kwanza mlango wa mayai, kwa sababu mayai kwake ni anasa.

#15 Kijana wa Ugweno
Si nilisema! Nusu ya chakula imeuzwa!

#16 Mama Trei
#15 tafadhali. Chakula ndo hicho nimekikuta kwenye gunia, kingeuzwa kisingekuwepo. Shemeji yangu ni mtoto mzuri nimeishi naye miaka mitatu. Naongea naye jioni akirudi mpirani.

#17 Nakuru Farmer
Niaje wasee, nawasoma kutoka Nakuru. Mimi zangu zilidrop hivi mwaka juzi tulipotoka ushago kwa mama, kutoka 40 hadi 11, na hatukuwa tumebadilisha kitu. Vet akaniambia ni maji. Kijana alikuwa anajaza asubuhi peke yake, saa sita mchana maji imekwisha na hakuna anayejua, jioni akija anajaza tena anaona kila kitu iko sawa. Kuku akikaa bila maji masaa machache tu kwa joto anaweza asitage kesho. Na huko Dar joto ya January si mchezo.

#18 Salasala Kwa Juu
Kweli joto la mwaka huu ni la kwake. Na maji ya tangi la juu ya paa mchana yanatoka ya moto unaweza kunawia bila kuchemsha. Kuku hagusi maji ya moto, anachungulia anaondoka. Lakini fataki zangu sijaziacha.

#19 Mama Kuku Songea
Mimi naomba nizungumzie manyoya maana naona yamepitwa. Mama Trei hao wametotolewa Desemba mwaka juzi, kwahiyo sasa hivi wana miezi 13. Huo ni umri wa kukaribia kunyonyoka manyoya, na wengine huwahi. Kila kuku akimaliza kama mwaka wa kutaga anajipa likizo, anamwaga manyoya ya zamani anaota mapya, na manyoya ni protini tupu, hawezi kutengeneza manyoya na mayai kwa wakati mmoja. Inachukua miezi miwili mpaka mitatu halafu wanarudi, mayai yanakuwa makubwa kuliko ya mwanzo ila idadi haifiki ile ya mwaka wa kwanza. Angalia shingoni na mkiani kama pamebaki wazi. Usiwauze, na usimlaumu mtu.

#20 Mzee Mkude
Nimesoma yote hayo, nyie vijana mna elimu nzuri. Sisi wazee tulikuwa tunasema kuku ana mkono wake. Mkono uliomzoea ukiondoka anavunjika moyo. Marehemu mke wangu akienda msibani siku nne, nikirusha mahindi mimi wanakuja kula lakini kiota kinakaa kitupu. Akirudi akipiga ulimi vile alivyozoea, kesho yake yai. Sina cha kukuthibitishia, nimeona kwa macho yangu nyumbani kwangu Matombo.

#21 Bi Mkubwa Tanga
Mzee Mkude Mungu amrehemu bibi. Na mimi nakuunga mkono, mnyama anamjua mtu wake.

#22 Banda la Kati
Mzee wangu shikamoo. Na hata kitaalamu usemalo lina mguu wa kusimamia, kuku anapenda mambo yaleyale saa zilezile. Anayewahudumia akibadilika, saa ya chakula inabadilika, mlango unafunguliwa saa tatu badala ya saa kumi na mbili na nusu, wanaacha kutaga.

#23 Mtoto wa Kigogo
Kwani jamani kuku si wanapumzika kwa sababu siku zinakuwa fupi Januari? Nimesoma mahali kuku wanaacha kutaga siku zikiwa fupi.

#24 Mama Kuku Songea
Hiyo ni ya Ulaya, ndugu yangu. Huko kaskazini Januari jua linaweza kutua saa kumi jioni. Sisi tupo kusini mwa ikweta, Desemba na Januari ndo siku ndefu kuliko zote. Tena kwa Dar tofauti ni ndogo, sana sana mchana unafika saa 12 na nusu. Ndo maana wafugaji wanaongeza taa, kuku wa kutaga anataka mwanga saa 14 mpaka 16. Mwanga ukiingia unaamsha ubongo na ubongo unaamsha mfuko wa mayai.

#25 Banda la Kati
Na ndo maana niliuliza taa. Mama Trei, ilikuwa inawashwa mlivyokuwa safarini?

#26 Mama Trei
Habari za jioni. Shemeji amerudi, nimemkalisha tukaongea vizuri bila ugomvi. Kumbe mtoto alikuwa anaandika! Ana kalenda ya ukutani kila siku kaandika idadi ya mayai kwa kalamu nyekundu na mimi sikuiona kwa sababu ipo nyuma ya mlango wa stoo. Ameomba aandike mwenyewe, nampa simu.

#27 Mama Trei
Shikamooni wakubwa, mimi ndo shemeji. Nimesoma niliyoandikwa, sijakasirika ila #2 na #15 naomba usome mpaka mwisho.

Tarehe 18 yalikuwa 16. 19 ni 16. 20 ni 17. 21 na 22 ni 15, 15. Tarehe 23 ni 14, 24 ni 13. 25 sikuandika, nilikwenda kanisani na nikashinda kwa rafiki, niliyaokota usiku nikachanganya. 26 ni 11. 27 na 28 ni 9, 9. 29 ni 7, 30 na 31 ni 6, 6. Tarehe 1 ni 4, 2 ni 5, 3 ni 4, 4 na 5 ni 3, 3. Jumla 173 bila Krismasi. Trei tano nimemuuzia wa duka na hela nimempa shemeji Mama Trei siku waliyofika, mayai 23 yaliyobaki nimekula mimi, naona ni haki yangu.

Taa nilizima kuanzia tarehe 20. Yuniti za umeme zilikuwa zimebaki 9 na sikuwa na hela ya LUKU, nikaona nichague kati ya balbu ya kuku na friji, na mechi za AFCON zilikuwa zinaanza sitaki kusema uongo. Chakula, nilivyoona gunia linashuka haraka niliogopa litaisha kabla hawajarudi, kuanzia 24 nikawa nachanganya layers nusu na pumba nusu. Pumba zilikuwepo stoo. Kwahiyo hawakulala njaa. Maji ya bomba hayakutoka tarehe 23 mpaka 27, nilitumia ya tangi.

Sikujua kama hayo yote yana shida. Ningejua ningepiga simu.

#28 Kijana wa Ugweno
Mdogo wangu nakuomba radhi mbele ya wote. Mimi kwa umri wako nisingeandika hata siku moja. Kalenda hiyo itunze.

#29 Bi Mkubwa Tanga
Umesikia! Mtoto kalelewa huyo. Mama Trei mpe zawadi yake.

#30 Salasala Kwa Juu
Kalenda imeniumiza. Mayai yameanza kushuka kabla ya mwaka mpya, 31 tayari yalikuwa sita. Fataki zangu zimebaki na yai moja au mawili tu. Ingawa hata mkesha wa Krismasi walipiga kidogo, sikumbuki vizuri.

#31 Mama Kuku Songea
Sasa ni wazi, taa. Imezimwa 20, siku chache baadaye yanaanza kuteremka pole pole, wiki yanavunjika. Kuku aliyezoea mwanga mpaka saa nne ukamkatia ghafla mwili wake unasoma kwamba msimu umekwisha, anaanza kumwaga manyoya. Nilisema ni manyoya na taa ndo imeyaita.

#32 Banda la Kati
Mama Kuku, nakuheshimu, lakini pumba zimeanza 24 na anguko kubwa ni baada ya 24. Kutoka 13 kwenda 11, 9, 7. Layers ina protini asilimia 16 au 17, pumba za mahindi hazifiki hata 11. Halafu chokaa, chakula cha layers kina madini ya ganda mara nyingi zaidi ya pumba, ukichanganya nusu kwa nusu umekata ganda nusu. Lile yai la nailoni si mshtuko wa fataki, ni njaa ya chokaa. Taa ingekuwa peke yake ganda lingebaki gumu.

#33 Nakuru Farmer
Na maji? 23 hadi 27 maji ya tank, jua kali. Anguko liko katikati ya hizo siku kabisa. Pia joto ikizidi kuku anahema sana, ganda linakuwa jepesi hata kama anakula poa. Mnaona vile kila mtu anaona yake kwa hiyo kalenda?

#34 Ng'ombe Mmoja
Na hamjagusa chanjo. Septemba mpaka Desemba ni miezi mitatu, ile ya tone la jicho inarudiwa kila miezi mitatu, na yeye alikuwa Kibosho anakunywa mtori. Kuku mwenye kinga ya nusu akipata mdondo hafi, anapunguza mayai tu na yanatoka yamepinda au laini. Ita afisa mifugo wa kata awaangalie macho na kinyesi. Wakati huohuo wape antibiotiki siku tano.

#35 Mama Kuku Songea
Yote sawa ila hapo mwisho hapana. Mdondo ni kirusi, antibiotiki haikigusi. Na ukimpa dawa hiyo mayai huruhusiwi kula wala kuuza mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti zipite, na huyu mama ana mtoto mdogo. Asimpe dawa kuku ambaye hajaonwa na mtu.

#36 Ng'ombe Mmoja
Nimekubali, nimefuta hilo. Chanjo na mtaalamu nabaki nayo.

#37 Mpemba wa Darajani
Dada kwa chokaa sisi tunaokota makome ufukweni tunatwanga tunawawekea pembeni, kila kuku anajua kiasi chake. Usije ukachukua chokaa ya kupakia ukuta.

#38 Mama wa Mbezi Mwisho
Mimi naweka maganda ya mayai yaleyale, nayakausha nayasaga mpaka yawe unga. Ukiwapa vipande vikubwa wanajifunza kudonoa mayai yao, halafu utakuwa na uzi mwingine wa kuomba msaada.

#39 Kijana wa Ugweno
Samahani natoka nje ya mada. Nyie mnaopanda Moshi Desemba, mwaka huu foleni ilikuwaje? Sisi wakati wa kurudi Mombo pale tulisimama masaa mawili na watoto wanalia njaa, mpaka Segera tumeshamaliza ndizi zote za zawadi ya kurudi 😂

#40 Mama Trei
Ndo maana jogoo alifika Goba amechoka hawezi hata kuwika, saa 14 kwenye gari! Usiku uliofuata kaanza saa tisa, jirani kanitumia ujumbe wa heshima tu, "naomba umwambie mgeni wenu aheshimu majira ya Dar."

Nimewatenga yeye na wake zake wawili kwenye tenga la ndizi, nyuma ya jiko. Balbu nimewasha. Ndoo za maji nimezihamishia chini ya mpapai. Layers tupu bila pumba. Makome sina, nimenunua chokaa ya mifugo. Afisa mifugo wa kata anakuja Alhamisi.

#41 Banda la Kati
Mama umefanya yote kwa mpigo. Ni sawa kwa kuku, lakini yakirudi hutajua ni kipi kilikuwa kibaya.

#42 Mama Trei
Kaka yangu, shule inafungua Jumatatu. Kujua nitajua mwakani.

#43 Mama Kuku Songea
Angalau fanya hili, mshike mmoja mmoja usiku mkiwa na tochi. Pima kwa vidole katikati ya mifupa miwili ya nyonga, hapo chini karibu na mkia. Vidole viwili au vitatu vikiingia na upanga wa kichwani ni mwekundu unang'aa, huyo anataga au yupo karibu. Kidole kimoja tu na upanga umekauka, huyo kapumzika. Utajua wangapi ni wangapi na baba watoto utamwonyesha kwa hesabu.

#44 Mama Trei
Nimerudi na majibu. Jana usiku tumewashika wote mimi, shemeji na binti yangu wa darasa la tano yeye anaandika kwenye daftari. Tisa wana shingo wazi kabisa manyoya yanaota kama miiba. Saba vidole viwili upanga mwekundu. Nane wako katikati sielewi.

Afisa mifugo kaja, kawaangalia kasema haoni dalili ya mdondo kwa macho ila hawezi kusema kama haukupita, kawachanja tone la jicho hawa wa kwangu kila mmoja, wa Kibosho kasema wakae pembeni mwezi mzima ndo watachanjwa na kuchanganywa. Nikamuuliza ni taa au chakula au maji. Akaniambia, "Mama, ungekuwa umekuja na kosa moja ningekujibu."

#45 Nakuru Farmer
Hiyo jibu ni safi sana.

#46 Banda la Kati
Tisa wenye shingo wazi hao wa Mama Kuku, nampa. Saba wazima. Lakini hao nane wa katikati ni wangu, ni chakula hao, utaona wiki mbili hizi.

#47 Mama Kuku Songea
Hao nane wanaelekea kunyonyoka, subiri uone 🙂

#48 Mzee Mkude
Binti, ukiingia bandani asubuhi unawaita vipi? Uwaite vilevile kama zamani.

#49 Mama Trei
Shikamoo babu. Nawaita "kuu kuu kuu" nikigonga sufuria. Shemeji alikuwa anapiga mluzi. Nimerudia sufuria.

Baba watoto tumekubaliana mpaka mwisho wa Februari. Ikifika hapo mayai yakiwa chini ya kumi kwa siku anauza, na sitabisha. Nauli ya mwezi huu ametoa yeye. Shemeji nimempa hela ya trei moja kati ya zile tano, alikataa kwanza.

#50 Bi Mkubwa Tanga
Umefanya vizuri sana mwanangu. Tupe habari kila baada ya siku mbili tatu usitupotee.

#51 Mtoto wa Kigogo
Nafuatilia uzi huu kama tamthilia. Mimi nina watano tu na jogoo mmoja, leo nimewapima vidole wote 😀

#52 Mama Trei
Jumamosi matano. Jumapili manne. Jumatatu sita, watoto wameenda shule wameshiba. Jana saba. Leo manane ila moja bado ganda lake laini. Shemeji kaandika kwenye kalenda.